Presha Isiyopimwa Mkononi

Wazee wangu, shikamooni. Kina mama, habari za tangu asubuhi? Vijana wa tarumbeta mliokaa kule nyuma, nawaona, na nawaomba mtulie, maana habari ya leo inawahusu kuliko mnavyodhani.

Mwenyekiti amenipa dakika ishirini na akanisihi nitumie lugha ya staha. Nimemwahidi nitajaribu. Lakini niseme mapema kwamba ugonjwa wenyewe hauna staha. Nimekuja kuwashuhudia juu ya bawasiri. Ndiyo, mmesikia vizuri. Bawasiri. Anayetaka kucheka acheke sasa hivi tumalize pamoja, maana hata mimi kuna mahali nitacheka, na kuna mahali nikinyamaza kidogo mnivumilie.

Mke wangu yule pale, mstari wa tatu, mwenye kitambaa cha bluu. Nilimwomba ruhusa kabla ya kusimama hapa kwa sababu nusu ya habari hii ni yake. Akanijibu, "Sema yote. Ukificha kitu, nasimama namalizia mwenyewe." Kwa hiyo mnaelewa kwamba sina nafasi ya kudanganya.

Wengi mnanijua. Mimi ni fundi makochi, banda langu liko Usa River kando ya barabara ya Moshi, na nyumbani ni Kikatiti, upande wa juu. Nina miaka hamsini na minne. Hapa kanisani nimepiga besi, lile tarumbeta kubwa kuliko yote, tangu sijaoa.

Sasa, pale bandani tuko mafundi na wenye maduka kama kumi, na choo kilikuwa kimoja. Ufunguo wake ulikaa kwa dada anayeuza vocha na soda, umefungwa kwenye kipande cha ubao ili usipotee. Ukitaka kwenda haja, unasimama mbele ya wateja wake na kusema, "Dada, naomba ule ufunguo." Yeye anakuangalia, wateja wanakuangalia, halafu unaondoka na ubao wako mkononi kama mtu aliyekabidhiwa kombe.

Mimi nikaona aibu ile siiwezi. Nikajizoeza kubana. Asubuhi nabana, mchana nabana, mpaka nifike nyumbani jioni. Na ili nisisumbuke nikapunguza kunywa maji. Kikombe cha chai asubuhi, basi, mpaka jioni.

Wikiendi kwenye tarumbeta nako ilikuwa kubana tu. Marehemu mwalimu wetu alitufundisha kwamba sauti isipotee njiani ni lazima ukaze tumbo, ukaze mapaja, ukaze na kule nyuma. Simlaumu, ndivyo naye alivyofundishwa. Nilikaza zaidi ya miaka thelathini. Watu walisifu besi yangu, na mimi nikazidi kukaza.

Ndugu zangu, nawaambia, mwili unavumilia mambo mengi, na haukupi taarifa siku unapochoka.

Ilianza kwa haja ngumu. Nikaona ni kawaida, ni umri. Halafu siku moja nikaona damu, matone mekundu kabisa, kama mtu aliyejikata kidole. Nikasema nimekula pilipili nyingi. Mwezi uliofuata yakaongezeka. Baadaye nikawa nikijisafisha nasikia kitu kama zabibu kimetoka nje, nakirudisha kwa kidole. Mwanzoni kilikuwa kinakubali. Ikafika wakati kikawa hakikubali.

Mtu mwenye akili angekwenda hospitali. Mimi nilikuwa na akili pia, lakini nikaitumia yote kuficha. Nilinunua suruali nyeusi. Nikaacha kukaa kwenye ibada, nikasema besi inapigwa vizuri zaidi ukiwa umesimama. Bandani kwangu nikawa nashona nimepiga magoti. Mteja akija kununua kochi ananiambia, "Fundi, hebu likalie nione kama halibonyei." Nami namjibu, "Aa, kalia wewe mwenyewe uridhike." Fundi makochi asiyeweza kukalia kochi! Chekeni tu, mimi wakati ule sikucheka.

Nyumbani ndiko nilikoharibu zaidi. Nilihama chumbani nikaenda kulala chumba cha watoto, maana wote wameshaondoka. Nikamwambia mke wangu kwamba nakoroma sana, sitaki kumsumbua. Na nikaanza kufua nguo zangu za ndani mwenyewe, alfajiri, kabla hajaamka. Asubuhi moja akanikuta kwenye karai, povu limenifika kwenye viwiko.

"Baba Upendo, unafanya nini?"

"Nafua."

"Unafua nini?"

"Vitu vyangu tu. Nimeamua kukupunguzia kazi."

Kina mama, mmeolewa, niambieni. Mume wa ndoa ya miaka ishirini na sita, hajawahi kugusa sabuni ya kufulia, ghafla anahama kitanda na anafua chupi zake gizagiza. Ungefikiri nini? Naona wengine mnatikisa vichwa. Na yeye alifikiri hivyohivyo.

Aliniuliza mara ya kwanza kwa upole kama kuna mwanamke. Nikasema hakuna. Mara ya pili akauliza kwa hasira. Mara ya tatu hakuniuliza mimi, akawaita wazee wawili wa kanisa wakaja nyumbani. Wamo humu ndani, siwataji, na sina kinyongo nao hata kidogo.

Walinikaribisha nikae kwenye sebule yangu mwenyewe, kwenye makochi niliyoshona kwa mikono yangu. Nikasema nitasimama.

"Kaa, fundi, tuzungumze kama ndugu."

"Nimezoea kusimama, mzee wangu."

Wakatazamana. Mke wangu akaeleza yote, kitanda, karai, jinsi nilivyokonda, jinsi ninavyokaa bafuni nusu saa nzima. Kila alilosema lilikuwa kweli. Mzee mmoja akanigeukia.

"Ni kweli anayosema mwenzio?"

"Ni kweli."

"Sasa tuambie mwenyewe. Kuna nini?"

Jamani, neno lilikuwa moja tu, nilitamke, watu wanywe chai waondoke. Nikalifikisha mpaka kwenye ulimi. Halafu nikawaza kwamba kesho vijana wa bendi watajua, na dada wa vocha atajua, na mimi nitakuwa yule mzee mwenye kidonda cha matako. Nikalimeza. Nikasema, "Wazee wangu, naombeni mniombee tu."

Wao wakafahamu kwamba nimekiri. Mke wangu alinyanyuka, akaingia chumbani, nikasikia kabati linafunguliwa. Jioni ile alikuwa ameshakwenda kwao.

Nataka mnielewe hapa. Nilikubali nionekane mzinzi mbele ya mke wangu na mbele ya kanisa, kuliko nionekane mgonjwa. Ndivyo aibu ilivyokuwa imenitawala. Kwa macho yangu nilikuwa mwanamume shujaa anayebeba siri yake.

Baada ya mke wangu kuondoka nikamtafuta mtu mmoja mjini ambaye tangazo lake nililiona limebandikwa kwenye nguzo: anatibu bawasiri bila kupasua, unapona kabisa. Chumba kidogo, pazia, chupa za dawa. Hakunipima chochote. Alinipa unga wa kijivu kwenye karatasi, akaniambia niuweke penye uvimbe, utakauka wenyewe. "Utasikia moto kidogo," akasema, "moto huo ndiyo dawa inafanya kazi. Usipopona rudi, nitaukata."

Ule moto sitaki kuueleza mbele ya watoto. Niseme tu kwamba uliunguza uvimbe na uliunguza pasipo na uvimbe. Tangu siku hiyo nikawa naogopa choo kama mtu anavyoogopa kupigwa. Nikifikiria tu kwenda, kule chini panajifunga penyewe, kama ngumi. Nasukuma, hapafunguki. Nikisukuma zaidi, damu. Nikaona dawa ni kutokula. Nisipokula sitakwenda. Nikaishi kwa chai na kipande cha mkate, wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu.

Katika wiki hiyo ya tatu tukaitwa kupiga tarumbeta kwenye msiba hapa Kikatiti. Sikwenda kwa sababu nilikuwa na nguvu, nilikwenda kwa sababu bendi haina mpiga besi mwingine. Tulisindikiza jeneza kutoka nyumbani hadi makaburini, na mnajua ile njia inavyopanda. Kila hatua naona miti inasogea. Tulipofika kaburini tukaanza wimbo wa mwisho. Kuna mahali besi inashika sauti moja ndefu. Nikavuta pumzi, nikakaza kila kitu kama nilivyofundishwa, na sikumbuki kumaliza.

Waliniambia kwamba tarumbeta ndilo lililotangulia kuanguka. Nilipofumbua macho nilikuwa nimelala kifudifudi kwenye udongo uliochimbwa, na suruali ya bendi ni ya kijivu, siyo nyeusi. Damu ilikuwa imeilowesha mpaka magotini. Mchungaji amenyamaza, watu wamenizunguka, hakuna anayejua aniguse wapi.

Mke wangu alikuwa msibani, upande wa wanawake. Tulikuwa hatujasemezana tangu aondoke. Nikasikia watu wanasogea, nikaona viatu vyake. Akapiga magoti. Akafungua kitenge alichojifunga juu ya gauni lake, akanizungushia kiunoni, akakaza fundo. Halafu akaniinamia sikioni, akasema polepole, nikasikia mimi peke yangu:

"Kumbe huyu ndiye mwanamke wako."

Nilimjibu, "Ndiye. Nisamehe." Akasema, "Nyamaza, okoa pumzi."

Mnisamehe kidogo.

Haya. Wenzangu wa bendi walinipakia nyuma ya pikapu iliyoleta viti vya msiba, nimelala kwa tumbo, kichwa kwenye mapaja ya mke wangu, mpaka hospitali mjini Arusha. Kule wakanipima damu, wakamwita mke wangu pembeni, wakamwambia imebaki chini ya nusu ya inayotakiwa. Nikaongezewa. Vijana wanne wa bendi walifuata nyuma kwa pikipiki bila kuitwa na mtu, wakatoa damu. Nyinyi mnajijua. Hii ninayosimama nayo hapa, sehemu ni yenu.

Asubuhi iliyofuata akaja daktari. Msichana! Namwita msichana kwa sababu umri wake haujapita sana wa binti yangu wa kwanza. "Shikamoo baba," akasema, "mimi ndiye nitakayekuangalia." Nikamjibu marahaba, kisha nikamuuliza kama hakuna daktari mwanamume. Kabla hajajibu, mke wangu akasema pale pale kitandani:

"Mimi nimezaa watoto wanne. Wawili nilizalishwa na madaktari wanaume, na wewe ulikuwa nje unawauliza wauguzi kama ni wa kiume. Siku hizo hukuona aibu kwa niaba yangu. Geuka upimwe."

Nikageuka.

Daktari aliniangalia, akauliza pameunguzwa na nini, nikamweleza habari ya ule unga, akauliza niliupata wapi, akatikisa kichwa, lakini hakunigombeza. Baadaye wakanipima kwa kamera kuhakikisha kwamba damu haitoki kwenye uvimbe wa aina nyingine ndani ya utumbo. Nilishukuru Mungu, haukuwepo. Wakaniruhusu nirudi nyumbani nikauguze kile kidonda cha kuungua, nirudi baada ya majuma mawili. Mke wangu hakuuliza tunakwenda nyumba gani. Alirudi na begi lake.

Siku niliyorudi daktari akaniambia, "Leo baba tutapima presha." Nikafurahi, nikaona leo ni siku nyepesi. Nikakaa, nikakunja mkono wa shati mpaka begani, nikaunyoosha juu ya meza. Akauangalia ule mkono. Akamwangalia mke wangu. Wote wawili wakashindwa kujizuia.

"Siyo ya mkononi, baba," akasema. "Ni ya huko."

Sikujua kwamba huko nako kuna presha! Nani kati yenu alijua? Mnaona? Basi sikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo maisha yangu yalipogeuka.

Alinieleza kwamba mwisho wa utumbo, pale mlangoni, kuna msuli wa duara, kama kamba ya mfuko. Kazi yake ni kubana muda wote, hata umelala usingizi, bila wewe kuufikiria. Na unapokwenda choo unatakiwa ulegee, mlango ufunguke. Nguvu ya msuli huo inapimika. Wanaingiza mrija mwembamba, mwembamba kuliko kalamu, wenye kipira kidogo mwishoni, na mashine inachora mstari kwenye kioo. Ukibana, mstari unapanda. Ukilegeza, unashuka.

Nikalala ubavu. Haikuuma kama nilivyohofia, ni kutojisikia vizuri tu. Akasema, "Tulia tu baba, usifanye chochote." Nikatulia. Mstari ulikuwa juu. "Umetulia?" "Nimetulia kabisa." "Haya, kaza kidogo." Ukapanda zaidi. "Sasa legeza." Nikalegeza, nilivyojua mimi, na mstari ukagoma kushuka. "Sasa sukuma kama uko chooni." Nikasukuma kwa nguvu zangu zote. Ndugu zangu, mstari ulipanda juu kabisa.

Nikamuuliza kama mashine ni nzima. Akasema, "Mashine ni nzima. Wewe unasukuma mlango ambao mwenyewe umeukomea kwa ndani."

Miaka yote ile nilidhani nafungua, kumbe nafunga. Akaniuliza kazi yangu, choo cha kazini, maji ninayokunywa. Mke wangu akaongeza habari ya tarumbeta, jinsi tulivyofundishwa kukaza. Daktari akaacha kuandika akaniangalia. "Miaka mingapi?" Nikamwambia. Akasema, "Basi msuli wako umefanya mazoezi kuliko wa mtu yeyote niliyempima mwaka huu."

Nilimwuliza swali ambalo na nyinyi mngeuliza, kwamba ni hiyo presha iliyoniletea bawasiri? Nilipenda jibu lake kwa sababu hakujifanya anajua kila kitu. Alisema wagonjwa wengi wa bawasiri wakipimwa presha hiyo hukutwa iko juu, lakini wataalamu wenyewe bado hawajakubaliana kipi humtangulia mwenzake, presha au uvimbe na maumivu. "Kwako siwezi kuapa kilianza kipi. Ninachokiona ni kwamba vyote viwili unavyo, na kila kimoja kinakichochea kingine."

Nikamwambia basi akate, tumalize. Nilikuwa nimechoka. Akakataa. Akasema wapo wanaohitaji upasuaji, na huenda hata mimi siku moja nikauhitaji, lakini kuanza na kisu kwangu ingekuwa haraka. Nikikatwa huku naendelea kusukuma mlango uliofungwa, uvimbe unaweza kurudi. Na mtu asiye na ujuzi akikata akagusa ule msuli, unaweza kupoteza nguvu ya kubana kabisa, na hapo utatamani bawasiri yako. Nikamkumbuka yule wa mjini na maneno yake, "rudi, nitaukata."

Basi nikaanza shule upya, nina miaka hamsini na miwili. Kwanza maji na chakula: uji wa ulezi, maharage, mboga za majani, parachichi, vitu ambavyo vimejaa Meru nzima na mimi nilikuwa nashindia chai. Beseni la maji ya uvuguvugu, nakaa humo robo saa asubuhi na jioni. Dawa ya kupaka inayolegeza ule msuli. Hiyo ilinipa maumivu ya kichwa siku za mwanzo, nikataka kuiacha, daktari akapunguza kipimo, nikazoea. Kigoda cha kuweka miguu chooni ili magoti yapande. Hapo fundi nilijitengenezea mwenyewe, mninga mtupu! Na nisikae chooni muda mrefu, wala nisiingie na simu. Vijana, hilo la simu nimelirudia kwa makusudi.

Ngumu kuliko yote ilikuwa kulegeza. Nilikwenda mara kadhaa kwa muuguzi mmoja wa makamo, mpole, aliyenifundisha kwa ule mrija nikiutazama mstari wangu mwenyewe kwenye kioo. "Usisukume," ananiambia. "Acha tumbo litoke, vuta pumzi iende chini, halafu achia." Nikiambiwa niachie, nabana. Mara ya kwanza nimeshindwa. Mara ya pili nimeshindwa, nikakasirika, nikasema mimi ni mzee, huu mwili haufundishiki. Muuguzi akasema, "Baba, unapiga tarumbeta. Ukitaka sauti ya chini kabisa, midomo unaifanyaje?"

"Naiachia."

"Haya, fanya hivyo, lakini huku."

Nikavuta pumzi. Nikawaza ile sauti ya chini. Na mstari, ndugu zangu, ukashuka. Taratibu, ukashuka. Nikapiga kelele, "Unashuka! Mama, unashuka!" Mke wangu alikuwa nje ya pazia akapiga vigelegele, hospitalini, watu wakadhani kuna mtu amejifungua.

Mambo yalipotulia ndipo daktari akazifunga zile bawasiri kwa vipete vidogo vya mpira, mara mbili, kwa nafasi ya majuma kadhaa. Bila kisu. Unasikia uzito na maumivu siku mbili tatu, kisha zinanyauka zinadondoka zenyewe.

Nisiwadanganye kwamba ilikwenda moja kwa moja. Nilipopata nafuu nikapata oda ya viti vya loji moja, nikawa nafanya kazi kutwa. Nikabana tena, nikaacha maji tena. Wiki mbili tu, damu ikarudi. Lakini safari hii sikununua suruali nyeusi. Jioni ileile nilimwambia mke wangu, na kesho yake tulikuwa kwa daktari. Akaniuliza, "Ulirudia?" Nikasema, "Nilirudia." Akasema, "Haya, tunaanza tulipoishia." Tukaanza.

Leo ni mwaka wa pili. Nakalia makochi yangu, wateja wanaona. Presha ya huko ilipimwa tena, imeshuka, mstari unatii ninapouamuru. Nimerudi kwenye bendi, na kabla ya kurudi nilimwuliza daktari, akanikubalia kwa sharti kwamba pumzi itoke tumboni na huko chini pabaki pamelegea. Vijana wa bendi, ndivyo ninavyowafundisha sasa, na mnaonicheka mazoezini sasa mmejua sababu.

Na pale bandani Usa River, mafundi tulijenga choo cha pili. Hakina ufunguo kwa mtu. Kina komeo la ndani tu. Yule dada wa vocha ndiye aliyefurahi kuliko wote. Akaniambia, "Fundi, hata mimi nilikuwa naona aibu kuwapa."

Nashukuru. Wale vijana wanne, Mungu awarudishie damu yenu. Wafiwa wa siku ile, niliharibu maziko ya mzazi wenu, na jioni mkamtuma mtu hospitali na chupa ya mtori wa ndizi, sitasahau. Wazee wawili wa kanisa, niliwaacha mniombee kwa dhambi nisiyoifanya, ila dhambi ya kumwacha mke wangu alie bure niliifanya, kwa hiyo maombi hayakupotea. Daktari na muuguzi hawapo hapa, lakini nimewaambia kwa mdomo wangu.

Mke wangu. Wewe nitakushukuru nyumbani, ukianza kulia hapa na mimi sitamaliza.

Ndugu zangu, nilichojifunza ni kifupi. Damu ikitoka huko, usiipe jina mwenyewe. Inaweza kuwa bawasiri, inaweza kuwa kitu kingine kibaya zaidi, na macho yako hayafiki huko. Nenda upimwe. Usikubali mtu akupake wala akukate kabla hajakuchunguza. Na mwambie mtu mmoja wa nyumbani kwako, leo, kabla hajatunga habari yake mwenyewe.

Najua humu ndani siko peke yangu. Sitaki mtu anyooshe mkono. Jumanne ninakwenda kliniki kuangaliwa kama kawaida, naendesha gari la shemeji, lina nafasi nne. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nitakuwa nimesimama pale getini pa kanisa. Wewe njoo tu, fungua mlango, ingia. Sitakuuliza unaumwa nini, na nimeshaweka mto kwenye kila kiti.